Neno "Run" na Ukoo wa Maana Zake

Neno "run" la Kiingereza lina herufi tatu tu. Mtoto wa shule ya msingi hulifahamu neno hilo mapema: mwalimu hutamka "run", watoto hutimua mbio uwanjani, na somo huwa limeeleweka. Lakini mtoto huyohuyo akifika sekondari hulikuta mahali ambapo hakuna mtu wala mnyama anayekimbia. Kiingereza hulitumia kwa maji ya bombani, kwa pua ya mwenye mafua, kwa injini ya gari, kwa barabara, kwa duka, kwa kampeni ya urais, na hata kwa soksi iliyofumuka.

Je, imekuwaje neno moja likafanya kazi zote hizo? Na mzungumzaji wa Kiswahili anayelikuta kitabuni, gazetini au kwenye simu atajuaje ni maana ipi iliyokusudiwa? Hayo ndiyo maswali mawili ya leo. Jibu la kwanza litatoka katika historia ya neno lenyewe. Jibu la pili, msikilizaji, liko karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu Kiswahili nacho kina neno linalofanana sana na "run" kwa tabia, na neno hilo si "kukimbia". Litatajwa baadaye.

Kwanza, ukubwa wa jambo lenyewe. Kamusi kubwa kuliko zote za Kiingereza ni ile ya Oxford. Wazo la kuitunga lilitolewa mwaka 1857, sehemu yake ya kwanza ikachapishwa mwaka 1884, na toleo la kwanza likakamilika mwaka 1928. Katika toleo la pili, la mwaka 1989, neno lililochukua kurasa nyingi kuliko yote lilikuwa "set". Wahariri walipoanza kuipitia upya kamusi nzima kwa ajili ya toleo la tatu, nafasi hiyo ilishikwa na "make", kisha "put", na mwaka 2011 ikachukuliwa na "run". Mwanakamusi Peter Gilliver ndiye aliyekabidhiwa neno hilo, na kazi ya kulichambua ilimchukua takriban miezi tisa. Alipomaliza, kitenzi "run" peke yake, bila kuhesabu nomino, kilikuwa na maana zaidi ya mia sita. Miezi tisa ya mtaalamu mmoja, kwa neno moja, la herufi tatu.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Chukua neno la Kiswahili "paa". Kuna paa la nyumba, kuna paa wa porini, na kuna kupaa angani. Hayo ni maneno tofauti ambayo yamefanana tu kwa sauti, na wataalamu huyaita homonimu. Kamusi huyaandika kila moja mahali pake, kwa sababu paa la bati na paa wa mbugani havina asili moja. "Run" haiko hivyo. "Run" ni neno moja lenye maana nyingi zilizozaana, na hali hiyo huitwa polisemia. Maana zake ni kama watu wa ukoo mmoja: wako mababu, wako watoto, wako wajukuu waliohamia mbali, lakini ukifuata nasaba kwa uangalifu unafika kwa babu yuleyule. Kwa hiyo mwanafunzi hana sababu ya kukariri maana mia sita moja moja. Anachohitaji ni kuijua nasaba.

Babu huyo ni nani? Wengi watajibu kwamba ni mbio za miguu. Jibu hilo ni nusu tu. Neno hili limetoka katika lugha za kale za jamii ya Kijerumani, ambazo ndizo zilizozaa Kiingereza, na tangu huko lilitumika kwa mtu anayekwenda kasi na pia kwa maji yanayotiririka. Ushahidi upo hadi leo katika Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza. Kijerumani kina vitenzi viwili vya mzizi huohuo: "rennen", yaani kukimbia, na "rinnen", yaani kutiririka. Kiingereza kimeviunganisha vyote viwili katika "run". Basi mtu anaposikia kwamba mto una-"run", asidhani kwamba mshairi fulani ameupa mto miguu. Maana hiyo ni ya kale, na tangu zamani imekuwa sambamba na ile ya mbio. Kinachoziunganisha ni hiki: mwendo unaoendelea bila kukatika. Tafadhali shika maneno hayo, msikilizaji: mwendo unaoendelea. Yatarudi mara nyingi.

Tawi la kwanza la ukoo huu ni la miguu, na halina ugumu. Mwanariadha "runs", mtoto "runs", swala "runs". Humo mna pia haraka ya kawaida: mtu akisema "I have to run" mwishoni mwa mazungumzo, hana nia ya kutoka mbio, bali anaaga kwa sababu muda umembana. Mna pia "to run an errand", yaani kwenda mahali kwa shughuli ndogo, kama mtoto anayetumwa dukani kununua chumvi.

Tawi la pili ni la vitu vinavyotiririka. Maji ya bombani "run", machozi "run", na pua ya mwenye mafua "runs". Yai ambalo halijaiva vizuri, ambalo kiini chake bado ni majimaji, huitwa "runny". Rangi ya nguo nayo ina-"run" pale kitambaa kinapofuliwa kwa mara ya kwanza na maji yakageuka mekundu au ya buluu. Kanga mpya ikifanya hivyo Waswahili husema inachuja. Hapa Kiingereza kimetazama rangi inayotoka na kwenda na maji, Kiswahili kimetazama namna inavyotoka. Tukio ni lilelile.

Katika tawi hilohilo kuna jambo la tumboni. Mwingereza mwenye kuhara husema kwa lugha ya nyumbani kwamba ana "the runs". Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki husemwa "a running stomach", na mgonjwa huyaeleza hayo kwa daktari bila wasiwasi. Lakini daktari mgeni aliyetoka Uingereza huenda akasita kidogo, kwa maana kwao tumbo haliambiwi hivyo. Usemi huo unafanana mno na Kiswahili cha kila siku, ambamo watu husema tumbo la kuendesha. Neno hilo, kuendesha, lishikwe pia. Nalo litarudi.

Tawi la tatu ni la mitambo. Zama za viwanda zilipoanza, na baadaye zilipokuja treni, magari na kompyuta, Kiingereza kilihitaji kitenzi cha kuelezea kitu kisicho hai ambacho kikishawashwa kinafanya kazi mfululizo. Kitenzi kilikuwapo tayari, maana mashine ni mwendo unaoendelea bila kukatika, hata kama yenyewe imefungwa sakafuni na haitoki mahali pake. Injini "runs". Jokofu "runs" usiku kucha. Programu ya kompyuta "runs". Hii ni sababu mojawapo iliyofanya neno hili livimbe namna lilivyovimba katika kamusi: kila mtambo mpya uliobuniwa ulilipa kazi mpya.

Ili kuona jinsi matawi haya yanavyokaa pamoja, itazamwe reli moja tu, reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Sentensi ya kwanza: "The train runs from Dar es Salaam to Kapiri Mposhi." Treni inakwenda, inasafiri, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Sentensi ya pili: "The railway runs for 1,860 kilometres." Hapa je, nini kinachosafiri? Hakuna. Reli imelala palepale ilipolazwa na mafundi. Maana yake ni kwamba reli ina urefu wa kilomita 1,860. Sentensi ya tatu: "The train runs on diesel." Treni inatumia dizeli. Sentensi ya nne: "The train is running late." Treni imechelewa. Reli moja, treni moja, kitenzi kimoja, na maana nne. Na je, msikilizaji alizichanganya? La, kwa sababu kila mara maneno ya jirani yalimwonyesha njia: mara miji miwili, mara kilomita, mara mafuta, mara ucheleweshaji.

Sentensi ile ya pili, ya reli isiyotembea, inafungua tawi la nne, ambalo ni la urefu, wa mahali na wa wakati. Kwa upande wa mahali, ukuta "runs" kuzunguka shamba, mpaka "runs" katikati ya ziwa, waya "runs" chini ya ardhi. Hakuna kinachotembea hapo isipokuwa jicho la mtazamaji, linaloanzia upande huu na kuishia upande ule. Kwa upande wa wakati, mkataba "runs" kwa miaka miwili, kikao "runs" hadi saa kumi. Mchezo wa kuigiza nao "runs" kwa kadiri unavyoendelea kuonyeshwa. Mfano maarufu ni The Mousetrap wa Agatha Christie, ulioanza kuonyeshwa London mwaka 1952 na ukaendelea mfululizo hadi Machi 2020, ulipokatizwa na janga la korona. Uliporudi jukwaani mwaka 2021, watu walikuwa bado wanautaja kwa "run" yake ndefu.

Tawi la tano ndilo linalowapa wanafunzi tabu zaidi, nalo ni la kufanya kitu kiende. Hapo nyuma, katika mifano yote, kitu kilikuwa kinakwenda chenyewe. Lakini Kiingereza husema pia "She runs a shop", yaani anaendesha duka. Husema "They run a school", wanaendesha shule. Husema "Run the engine", washa injini iungurume. Kitenzi hakikubadilika hata herufi moja, ila sasa kuna mtu nyuma yake anayefanya kitu fulani kiende.

Hapa ndipo tofauti kubwa ya lugha hizi mbili inapojitokeza. Kiswahili hubadili mkia wa kitenzi. Kutoka "kimbia" hupatikana "kimbiza", "kimbilia", "kimbizana", na kila mkia huleta maana yake. Kutoka mzizi huohuo hupatikana mkimbiaji wa uwanjani na mkimbizi wa vita. Kiingereza hakina mikia ya namna hiyo. Kitenzi hubaki vilevile, wanaobadilika ni majirani zake. Jambo hili lisemwe tena, kwa kuwa ndilo msingi wa mazungumzo haya yote: Kiswahili huonyesha maana kwa mkia wa kitenzi, Kiingereza huionyesha kwa majirani wa kitenzi. Mwanafunzi anayelitazama "run" peke yake, kwa jinsi alivyozoea kukitazama kitenzi cha Kiswahili, hataona kitu. Ni lazima atazame kushoto na kulia.

Sasa umefika wakati wa kulitaja lile neno la Kiswahili lililoahidiwa mwanzoni. Neno lenyewe ni "kwenda". Hebu msikilizaji apime mwenyewe. Saa ikisimama, Mswahili husema saa haiendi. Mwingereza husema hai-"run". Mgeni akiulizia barabara, huuliza njia hii inakwenda wapi, ingawa njia haina miguu. Mtu akimsalimu mfanyabiashara, huuliza biashara inakwendaje. Hakimu akimhukumu mshtakiwa vifungo viwili vya kutumikiwa kwa wakati mmoja, magazeti ya Kiswahili huandika kwamba adhabu hizo zitakwenda pamoja, na magazeti ya Kiingereza huandika kwamba zita-"run" pamoja. Huko kote hakuna anayekimbia. Kuna mwendo unaoendelea.

Tena "kwenda" amezaa watoto. Mtoto mmoja ni "kuendesha", yaani kufanya kitu kiende: kuendesha gari, kuendesha mkutano, kuendesha biashara, kuendesha nchi, na tumbo la kuendesha kama lilivyotajwa. Karibu kila mahali ambapo kuna mtu au taasisi inayosimamia shughuli, "run" ya Kiingereza hukaa vizuri juu ya "endesha" ya Kiswahili. Mtoto wa pili ni "kuendelea", yaani kwenda bila kusimama, na huyo hufunika zile maana za wakati: mkataba unaendelea, maonyesho yanaendelea. Kwa hiyo mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba "run" ni kukimbia, akaishia hapo, amempa mlango mdogo kuliko yote. Mlango mpana ni kwenda, kuendesha na kuendelea. Na mwanafunzi anaujua tayari, kwa sababu ameutumia tangu alipoanza kusema.

Bila shaka zipo maana ambazo mlango huo hauzifikii. Kubwa kuliko zote ni ya siasa. Mtu anayetaka urais, ubunge au ugavana, Kiswahili husema anagombea. Kiingereza cha Marekani husema "run for president", maana Wamarekani huutazama uchaguzi kuwa mashindano ya mbio. Kiingereza cha Uingereza kwa desturi husema "stand", yaani kusimama, na Kiingereza cha Kenya hupenda sana "vie", yaani kushindana. Mtu mmoja, cheo kimoja: huku anakimbia, kule anasimama, pengine anashindana. Kutokana na matumizi ya Marekani ndiko kulikotoka "running mate", ambaye Wakenya na Watanzania humwita mgombea mwenza. Usemi huo ulianzia kwenye mashindano ya farasi, ambako farasi mmoja wa zizi fulani aliingizwa mashindanoni ili amsaidie mwenzake wa zizi hilohilo.

Msikilizaji mpendwa, hadi hapo majirani waliotajwa ni watenda na watendwa: treni, duka, mkataba, cheo. Lakini kuna jirani mwingine, mdogo kwa umbo, mwenye nguvu kuliko wote. Huyo ni kijineno kinachofuata nyuma ya kitenzi: "out", "over", "into", "down", "up", "through", "away". Kijineno kimoja kinaweza kugeuza sentensi nzima.

Chukua "run out". Muuza duka akisema "We have run out of sugar", sukari imekwisha, ameishiwa na sukari. Chukua "run away", ambayo ni kutoroka. Chukua "run into": "I ran into my teacher" ni kukutana na mwalimu bila kutarajia, ilhali gari likisemwa kwamba "ran into a wall" limegonga ukuta, na gharama zikisemwa kwamba "run into millions" zimefikia mamilioni. Chukua "run up": "to run up a debt" ni kulimbikiza deni. Chukua "run through": kupitia jambo harakaharaka, kama mwalimu anayepitia majibu ya mtihani.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni "run over". Dereva akisemwa kwamba "ran over a dog", amemgonga mbwa na kumpitia juu. Mwanasheria akisemwa kwamba "ran over his notes", ameyapitia maandishi yake kwa macho kabla ya kuingia mahakamani. Mkutano ukisemwa kwamba "ran over", umepita muda wake uliopangwa. Maji ya ndoo yakisemwa kwamba "ran over", yamefurika. Je, kuna uhusiano? Upo. Kijineno "over" kina maana ya kupita juu au kuvuka. Gari limepita juu ya mbwa, macho yamepita juu ya karatasi, mkutano umevuka saa, maji yamevuka ukingo. Nasaba bado inaonekana. Vivyo hivyo kwa "run down", ambamo "down" ni chini: betri inaisha nguvu, mtu anachoka na kudhoofika, nyumba inachakaa kwa kukosa matengenezo, na mtu anayemsema mwenziwe vibaya anam-"run down", anamshusha.

Baada ya kitenzi, inabaki nomino. Nayo itapitiwa kwa haraka, kwa sababu nasaba ni ileile. Katika kriketi, "run" ni pointi inayopatikana wapigaji wawili wanapokimbia na kubadilishana nafasi; wapenzi wa mchezo huo Afrika Mashariki walizihesabu kwa furaha mwaka 2003, Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. "School run" ni ile kazi ya kila siku ya wazazi ya kuwapeleka watoto shuleni na kuwarudisha. "Dry run" ni jaribio kabla ya shughuli yenyewe. "Chicken run" ni uwanja uliozungushiwa wavu ambamo kuku hutembea. Soksi ndefu za kike zikifumuka mstari, Wamarekani huuita mstari huo "run", na Waingereza huuita "ladder", yaani ngazi.

Ipo pia "bank run", nayo ni ya kutisha kwa wenye akiba. Ni pale wateja wanaposikia kwamba benki yao ina matatizo, wakaikimbilia wote kwa pamoja kutoa fedha zao. Mwezi Septemba 2007 nchini Uingereza, wateja wa benki ya Northern Rock walipanga foleni ndefu nje ya matawi yake kwa sababu hiyo, na mwezi Februari 2008 benki hiyo ikachukuliwa na serikali. Hapa kidogo maana ya miguu imerudi, kwani watu kweli walikwenda mbio. Lakini fedha nazo zilikuwa zinatiririka kutoka. Maana zote mbili za kale, ya mbio na ya mtiririko, zimekutana katika usemi mmoja.

Kabla ya kufikia mwisho, kuna neno moja kuhusu sauti. Kitenzi hiki kina maumbo "run", "ran" na "run" tena: wakati uliopo ni "run", wakati uliopita ni "ran", na baada ya "have" au "has" kinarudi kuwa "run". Katika masikio ya Afrika Mashariki, "run" na "ran" husikika karibu sawa, zote kwa sauti ya "a" ya Kiswahili. Ndiyo maana wanafunzi wengi huandika moja mahali pa nyingine, na hata husema "has ran", jambo ambalo mtihani haulisamehe. Dawa yake si kulifukuza "a" la Kiswahili kinywani. Dawa ni kuyajua maumbo hayo kwa kazi zake: "I run every day", "I ran yesterday", "I have run".

Sasa, msikilizaji, yote yaliyosemwa yakusanywe katika maswali matatu. Mtu akikutana na "run", ajiulize hivi. Swali la kwanza: ni nani au ni nini kinachofanya tendo? Swali la pili: je, kuna kinachotendwa? Kama kipo, kuna uwezekano mkubwa kwamba maana ni kuendesha. Swali la tatu: je, kuna kijineno kinachofuata, kama "out" au "over"? Mtenda, mtendwa, kijineno. Basi.

Maswali hayo yajaribiwe kwa sentensi moja ndefu, ya aina inayoweza kusikika katika taarifa ya habari: "The doctor who runs our hospital is running for governor, but the hospital has run out of medicine, the tap has run dry, and the queue runs down to the gate." Mara tano "run" imetajwa. Ya kwanza ina mtendwa, hospitali. Basi daktari anaiendesha hospitali. Ya pili imefuatwa na "for" na cheo. Basi anagombea ugavana. Ya tatu ina "out of". Basi hospitali imeishiwa na dawa. Ya nne mtenda wake ni bomba, na imefuatwa na "dry", yaani kavu; basi bomba limekauka. Ya tano mtenda wake ni foleni, na mwisho wake ni lango. Basi ni urefu, foleni inafika hadi getini. Hakuna hata moja kati ya hizo tano ambayo ni kukimbia, na mtu aliyelijua neno hili kwa maana hiyo tu asingeelewa kitu katika sentensi nzima.

Maswali hayohayo yatafaa pia kwa wenzake "run" katika Kiingereza, yaani "set", "make", "put", "get" na "take", ambayo nayo ni mafupi, ya zamani na yenye ukoo mkubwa. Na mwenye kamusi asome mifano yake kabla ya kusoma maelezo, kwa kuwa katika mifano ndimo majirani wa neno wanamokaa. Hayo ndiyo yaliyoandaliwa kuhusu neno "run".